Mpaka Mashine Ilipe: Japani na Gharama za Viwanda Vyake

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi wa uchumi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, wafanyabiashara, mafundi, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie historia ya uchumi wa Japani tangu ilipoanza viwanda. Hiyo ni zaidi ya miaka 150, na muda niliopewa hautoshi, kwa hiyo nitaruka mengi. Vita nitavipita mbio, na wanasiasa wengi sitawataja. Nitakaa zaidi kiwandani.

Watu wakiitaja Japani hupenda kusema "muujiza". Muujiza hauna stakabadhi, ndugu zangu. Viwanda vya Japani vina stakabadhi tele, na ukizipanga mwaka kwa mwaka utakuta swali moja linajirudia: mashine hii italipa vipi gharama zake, na mpaka ilipe, nani atalipa? Nawaomba mlishike swali hilo, maana tutalirudia.

Mlipaji wa kwanza alikuwa mkulima.

Mwaka 1853 manowari nne za Marekani ziliingia ghuba ya Edo, mji tunaouita leo Tokyo. Ikafuata mikataba ya 1858, kisha mwaka 1866 ushuru wa bidhaa za nje ukafungwa kwenye kiasi cha asilimia 5. Maana yake nini? Serikali mpya ya Meiji, yaani ya enzi ya mfalme Meiji, iliyoshika hatamu mwaka 1868 haikuweza kuvilinda viwanda vyake kwa ushuru hata kama ingetaka. Mamlaka kamili ya kupanga ushuru wake iliyapata mwaka 1911. Mikopo ya nje nayo iliiogopa: ilikopa London mwaka 1870 na 1873, kisha ikajizuia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi fedha ilitoka wapi? Ilitoka shambani. Zamani kodi ililipwa kwa mpunga na ilifuata mavuno. Mwaka 1873 serikali ilipima mashamba, ikayapangia thamani, ikadai asilimia 3 ya thamani hiyo kila mwaka, kwa fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Serikali ikapata mapato ya uhakika, na hatari ya bei ikahamia mgongoni mwa mkulima. Wakulima waliasi, na mwaka 1877 kodi ikashushwa hadi asilimia 2.5.

Kisha akaja Matsukata Masayoshi, waziri wa fedha kuanzia 1881. Serikali ilikuwa imechapisha noti nyingi kugharamia vita vya ndani vya 1877, na bei zilikuwa zimepaa. Matsukata alibana matumizi, akaziondoa noti kwenye mzunguko, akaanzisha Benki ya Japani mwaka 1882, na viwanda vya serikali vilivyokuwa vikila hasara vikauzwa kwa watu binafsi. Kwa mizani ya benki, kazi ilikuwa safi. Lakini bei ya mchele ilianguka kwa karibu nusu, na kodi haikushuka hata sumni. Aliyekuwa akiuza magunia matano kulipa kodi, sasa auze karibu kumi. Mwaka 1884, wilayani Chichibu, wafugaji wa viwavi vya hariri waliozama kwenye madeni walishika silaha kwa maelfu na kuchoma hati za wakopeshaji. Jeshi likatumwa kuwazima. Wengi nchini walipoteza mashamba, wakabaki kulima kwa kukodi, na mabinti wao wakaanza kutafutiwa kazi za kiwandani.

Hapo ndipo tunafika kwenye hariri, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka ya 1850 na 1860 ugonjwa uliua viwavi vya hariri Ufaransa na Italia, na wanunuzi wakakimbilia bandari ya Yokohama. Japani ilikuwa na hariri nyingi, ila uzi wake haukuwa sawasawa: hapa mnene, pale mwembamba. Ukiuweka kwenye mtambo wa kufumia unaoendeshwa kwa mvuke, unakatika. Kwa hiyo serikali ikamwajiri Mfaransa, Paul Brunat, na mwaka 1872 kiwanda cha Tomioka kikafunguliwa: matofali, injini ya mvuke, fremu za chuma kutoka Ufaransa, na masinia 300 ya kuvutia uzi. Wasichana waliogopa kujiandikisha, kwa uvumi kwamba Wafaransa wanakunywa damu. Kumbe ni mvinyo mwekundu! Ikabidi mabinti wa samurai, tabaka la wapiganaji, watangulie ili wengine watulie.

Nawaeleza kazi yenyewe, kwa sababu bila kuijua hamtaelewa fedha. Kifukofuko lazima kipitishwe kwenye joto ili kiumbe cha ndani kife kabla hakijatoboa. Kikitobolewa, uzi wake umekatika vipande vipande. Kisha unakitia kwenye maji ya moto ili gundi ilegee, unakisugua kwa brashi mpaka ncha ya uzi ipatikane. Uzi wa kifukofuko kimoja una mamia ya mita, na ni mwembamba mno kufumika, kwa hiyo unavuta nyuzi za vifukofuko vinne au vitano kwa pamoja. Ugumu uko hapa: uzi wa kila kifukofuko hupungua unene kadiri unavyokaribia mwisho. Msichana lazima aone kwa jicho ni lini aongeze kifukofuko kipya. Akichelewa, uzi unakonda. Akiwahi, unanenepa. Ubora wote wa hariri ya Japani ulikuwa kwenye jicho hilo na vidole vinavyoingia kwenye maji ya moto kutwa nzima.

Je, Tomioka ililipa gharama zake? Kwa serikali, haikulipa. Ilikuwa ghali mno, na mwaka 1893 ikauzwa kwa kampuni ya Mitsui. Aliyefaulu ni mwingine. Kule Suwa, mkoani Nagano, wenye mitaji midogo waliutazama mfano wa Wafaransa na ule wa Waitalia, wakachukua kiini chake tu. Fremu za chuma wakazifanya za mbao. Masinia nayo yakawa ya udongo, yaliyochomwa na wafinyanzi wa hapo hapo. Nguvu ya kuzungusha wakaipata kwenye gurudumu la maji, na mvuke wakauacha kwa kazi ya kupasha maji. Kiwanda cha Nakayama kilichoanza mwaka 1875 kiligharimu sehemu ndogo sana ya gharama za Tomioka, na kikaigwa bonde zima. Wahandisi mlioko hapa, tazameni walichokiacha: waliacha chuma, hawakuacha usawa wa uzi. Kufikia mwaka 1909 Japani ilikuwa imeipita China kwa kuuza hariri ghafi nje, na mteja mkubwa alikuwa Marekani. Mashine za pamba, reli, meli, chuma cha nje, sehemu kubwa ya vyote hivyo ililipiwa kwa dola za hariri.

Na ujira ulikuwaje? Suwa waliubuni mfumo mkali. Kila msichana alipewa alama: kavuta uzi kiasi gani, katoa uzi mwingi kiasi gani kwa vifukofuko alivyopewa, uzi una usawa na mng'ao gani. Halafu fungu la mishahara likawekwa palepale na kugawanywa kwa alama. Umeelewa, mwanafunzi kule nyuma? Mwenzako akipanda, wewe unashuka, hata kama kazi yako haikupungua. Mzazi alikuwa ameshapokea fedha ya kishika mkono wakati wa kusaini mkataba, kwa hiyo binti alianza kazi akiwa na deni. Na msidhani walinyamaza. Mwaka 1886, katika kiwanda cha Amamiya mjini Kofu, wanawake wapatao mia moja waligoma na kuondoka kiwandani kupinga masharti mapya ya waajiri. Ndio mgomo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa wafanyakazi wa viwandani Japani.

Pamba ilifuata njia hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Serikali ilikuwa imesambaza viwanda vidogo vya spindeli 2,000 kila kimoja, yaani zile pia zinazozunguka na kusokota uzi, viendeshwe kwa maji. Karibu vyote vilisuasua. Mto ukipungua, kiwanda kinasimama. Na kwa spindeli 2,000 gharama ya meneja na fundi haigawanyiki vizuri. Mfanyabiashara Shibusawa Eiichi alikusanya wenye hisa, na mwaka 1883 kiwanda cha Osaka kikaanza na spindeli 10,500 na injini ya mvuke. Fundi wake mkuu, Yamanobe Takeo, alikuwa amejifunza kazi Lancashire, Uingereza.

Sikilizeni hesabu yao. Mashine zilitoka Uingereza kwa bei kubwa. Mtaji ulikuwa ghali, mikono ilikuwa rahisi. Basi mashine isilale! Zamu mbili, usiku na mchana, karibu saa 12 kila moja. Kwa mashine ileile unapata uzi karibu maradufu, na gharama yake inarudi nusu ya muda. Taa za mafuta ndani ya vumbi la pamba ni kiberiti kinachosubiri, kwa hiyo mwaka 1886 wakaweka taa za umeme.

Kisha wakabadilisha mashine yenyewe ya kusokota uzi. Waingereza walipenda mashine ya myuli, inayotaka mwanamume mwenye nguvu na ujuzi wa miaka. Wajapani wakaikimbilia mashine ya ringi, ambayo msichana hujifunza kwa muda mfupi. Tatizo la ringi ni kwamba huukaza uzi sana, na pamba yenye nyuzi fupi, kama ile ya Japani yenyewe, hukatika. Dawa yao ilikuwa kuchanganya marobota: pamba ya India iliyo rahisi, kiasi cha pamba ndefu ya Marekani, kwa vipimo vilivyobadilika kufuata bei ya wiki. Anayenunua pamba alikuwa mtu muhimu kuliko mhandisi. Mwaka 1893 meli za Nippon Yusen Kaisha zikaanza safari za kudumu za Bombay. Mwaka 1896 ushuru wa kuingiza pamba ukafutwa, na mkulima wa pamba wa Japani akafa kibiashara. Mwaka 1897 nchi iliuza nje uzi mwingi kuliko ilionunua.

Nani alilipa? Zamu ya usiku. Sheria ya viwanda ilipitishwa mwaka 1911, ikaanza kutumika 1916, na kazi ya usiku kwa wanawake ilikomeshwa mwaka 1929. Daktari Ishihara Osamu alieleza hadharani mwaka 1913 jinsi wasichana walivyorudi vijijini na kifua kikuu, na kijiji kikaambukizwa. Gharama hiyo haikuandikwa kwenye vitabu vya kampuni yoyote.

Sasa chuma. Ukitaka kujua kwa nini mtambo uliofanya kazi kwao unakataa kwako, soma habari za Kamaishi. Mwaka 1880 serikali iliwasha huko matanuru mawili ya mpango wa Kiingereza, kila moja la tani 25 kwa siku, yakitumia mkaa wa kuni. Matanuru yale yalikula misitu haraka kuliko wachoma mkaa walivyoweza kuvuna. Walipojaribu koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa mpaka yabaki kaboni, koki ile ilikuwa mbovu na tanuru likaziba. Wakafunga. Mfanyabiashara Tanaka Chobei akachukua mahali pale, akajenga matanuru madogo yanayolingana na mkaa uliopo, na mwaka 1886, baada ya kushindwa mara nyingi, chuma kikatoka mfululizo. Mwaka 1894 Profesa Noro Kageyoshi alisaidia kulifufua tanuru mojawapo la tani 25, safari hii kwa koki nzuri.

Mngedhani somo limeingia. Wapi! Mwaka 1901 kiwanda kikubwa cha serikali kikawashwa Yawata, kwa ramani za Wajerumani, lengo likiwa tani 90,000 kwa mwaka. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye fidia ambayo China ililazimishwa kulipa baada ya vita vya 1894 na 1895. Kwa hiyo mlipaji mmoja wa Yawata alikuwa Mchina, na fidia hiyohiyo ilitumika kuiweka yeni kwenye dhahabu, yaani kuifunga thamani yake kwenye kiasi maalumu cha dhahabu, mwaka 1897. Mwaka 1902 tanuru likazimwa. Tatizo lilikuwa lilelile: koki yenye majivu mengi, inayovunjika. Kumbukeni kazi ya koki si kuungua tu. Inabeba uzito wa mawe ya chuma yaliyo juu yake na kuacha upenyo wa hewa kupanda. Ikipondeka, hewa haipiti, joto linashuka, na kilichoyeyuka kinaganda humo humo. Akaitwa Noro yuleyule. Akabadilisha umbo la ndani la tanuru, akapanga upya uwiano wa mawe na koki, na matanuri bora ya kuokea koki yakajengwa. Kufikia katikati ya 1904 tanuru lilikuwa likifanya kazi.

Miaka ya 1930 inatuhusu sisi moja kwa moja. Januari 1930 Japani ilirudi kwenye dhahabu kwa thamani ya zamani ya yeni, wakati Marekani inaporomoka. Bei ya hariri ikaanguka, vijiji vikaumia vibaya. Desemba 1931 Takahashi Korekiyo akashika wizara ya fedha, akaitoa nchi kwenye dhahabu, na yeni 100 zilizokuwa na thamani ya dola kama 49 zikawa na thamani ya dola kama 20 mwishoni mwa 1932. Bidhaa zake zikawa rahisi nje, na mwaka 1933 Japani iliipita Uingereza kwa kuuza nje vitambaa vya pamba.

Mwaka 1934 Uingereza ikaweka viwango vya kuzuia vitambaa vya Japani kwenye makoloni yake. Lakini Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar hazikuguswa. Kwa nini? Kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, ule wa Berlin wa 1885 na marekebisho yake ya 1919, ilikataza kubagua bidhaa za mataifa yaliyotia saini, na Japani ilikuwamo. Meli za Osaka Shosen Kaisha zilikuwa na safari za kudumu za Afrika Mashariki tangu 1926. Basi mlaji wa Mombasa na Unguja akavaa nguo ya Osaka kwa bei ambayo Manchester haikuiweza, na pamba nyuzi ya Uganda ikapanda meli kwenda kule kule.

Takahashi aliuawa na maofisa wa jeshi tarehe 26 Februari 1936 alipojaribu kubana bajeti ya jeshi. Yaliyofuata mnayajua, na sitayasimulia.

Baada ya 1945 mlipaji alibadilika. Marekebisho ya ardhi ya 1946 hadi 1950 yaliwageuza wengi waliolima kwa kukodi kuwa wenye mashamba, kwa hiyo mkulima hakukamuliwa tena kama zamani. Mwaka 1949 yeni ilifungwa kwenye 360 kwa dola, na bajeti ikabanwa hadi viwanda vikakaribia kufa. Toyota ilinusurika kwa mkopo wa kundi la mabenki, baada ya kupunguza wafanyakazi na mwanzilishi wake Toyoda Kiichiro kujiuzulu mwaka 1950. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikazuka na oda za malori zikamiminika. Bahati nayo ina nafasi yake, tusiidharau.

Fedha kubwa ya miaka ya 1950 na 1960 ilitoka kwenye akiba za nyumbani. Sheria ya 1947 iliweka ukomo wa riba, hivyo mama mwenye kitabu cha akiba alipata kidogo, na kampuni ya chuma ilikopeshwa kwa bei nafuu. Chuma kikajengwa ufukweni, mfano Chiba mwaka 1953, ili meli kubwa zimwage mawe ya chuma ya nje mlangoni mwa tanuru. Mwaka 1960 Waziri Mkuu Ikeda Hayato aliahidi kulikuza pato la taifa maradufu kwa miaka 10. Likafika kabla ya muda. Mwaka 1964 treni ya Shinkansen ikaanza, ikisaidiwa na mkopo wa dola milioni 80 wa Benki ya Dunia.

Na Minamata, ule mji wa pwani? Kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki kutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, na maji machafu yalikwenda ghubani. Samaki wakala, paka wakala samaki, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1959 daktari wa kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, alimpa paka chakula chenye maji ya kiwanda; paka akaugua vilevile. Kampuni ikaficha. Zebaki ilikoma kumwagwa mwaka 1968, wakati ambapo njia ile ya uzalishaji ilikuwa imeshapitwa na wakati. Mnaona tarehe hizo? Mashine iliachwa ilipe mpaka mwisho. Wavuvi wakalipa sehemu iliyobaki.

Namalizia na benki. Septemba 1985, katika hoteli ya Plaza jijini New York, mataifa matano makubwa yalikubaliana kuishusha dola. Ilikuwa karibu yeni 240. Mwisho wa 1986 ilikuwa karibu 160. Wauzaji wa nje wakalia, na Benki ya Japani ikashusha riba hadi asilimia 2.5 mwezi Februari 1987 na kuiacha hapo kwa zaidi ya miaka miwili. Benki zilikopesha kwa dhamana ya ardhi. Mkopo ukanunua ardhi, bei ikapanda, dhamana ikaonekana imekua, mkopo ukaongezwa. Tarehe 29 Desemba 1989 faharasa ya hisa ya Nikkei ilifika 38,915. Riba ikapandishwa hadi asilimia 6 kufikia Agosti 1990, na mnara ukaanza kushuka. Machi 2009 faharasa ilikuwa chini ya 7,100.

Kosa kubwa halikuwa kupanda kwa bei, kwa maoni yangu. Kosa lilikuja baadaye: benki zilimkopesha mdaiwa aliyefilisika fedha mpya ya kulipia riba ya mkopo wa zamani, ili vitabu vioneshe kwamba deni bado linalipika. Mali bila daftari hupotea bila habari; hawa walikuwa na daftari na wakaliandika uongo. Novemba 1997 zikaanguka kampuni ya hisa ya Yamaichi, yenye umri wa miaka mia moja, na benki ya Hokkaido Takushoku. Mwaka 1999 riba ikawa sifuri, mwaka 2016 ikashuka chini ya sifuri, na Machi 2024 ndipo ilipoinuliwa.

Basi safari hii nani alilipa? Mwenye akiba. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2024 akaunti ya kawaida ya benki kubwa ilitoa riba ya asilimia 0.001. Fanyeni hesabu: yeni milioni 1 inazaa yeni 10 kwa mwaka, kabla ya kodi. Kutoa fedha kwenye mashine ya benki nje ya saa za kazi mara nyingi kulikatwa yeni 110. Mzee aliyeweka milioni 10 alipata yeni 100 kwa mwaka, na safari moja ya jioni kwenye mashine ikazimaliza.

Naona mikono imeshaanza kuinuka. Mwenyekiti, tuanze na yule dada wa safu ya tatu.